Shangazi Aliyebaki Igurwa

Dada Adela mpendwa,

Shikamoo. Huku Karagwe asubuhi ni ukungu na baridi. Mimi ni mzima, ila moyo ni mzito.

Jana nilifuatana na watalii wa ng'ambo hadi Igurwa kuonyeshwa nyumba ya msonge. Bibi mwenye nyumba alitupokea kwa kahawa ya kutafuna. Aliposikia mimi ni Mnyambo, alifurahi, akanisalimia kwa Kinyambo. Kinyambo sikijui. Watalii walikuwa wamefundishwa salamu ile garini, wakaitikia wao.

"Baba yako nani?" akaniuliza kwa Kiswahili.

Nikamtajia jina la Baba. Akaweka chini kikapu cha kahawa.

"Huyo tumenyonya ziwa moja," akasema. "Yuko wapi? Kila gari la wageni likija, huangalia kama yumo."

Dada, na Baba alituambia ndugu zake wote wamekwisha! Ilibidi nimwambie mimi, mbele ya wageni, kwamba tulimzika hapo Tanga miaka sita iliyopita. Akalia kwa Kinyambo, akizungumza na Baba kana kwamba yupo. Mtembezaji wetu akaeleza kwamba ndivyo Wanyambo wanavyoomboleza, na watalii wakainua simu kupiga picha. Nilimshika mkono tu, bila kuelewa hata neno moja.

Nimewaacha watalii waende zao, nimebaki kwa Shangazi hadi Jumapili. Anauliza una watoto wangapi. Wakumbatie wote, kisha uje nao, akuone angali na nguvu.

Mdogo wako akupendaye,
Koku