Kisanduku cha Shangazi Kinakwamisha Barua za Ofisi Nzima

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa, maana nimegundua jambo ambalo afadhali nisingeligundua.

Mimi ni karani katika ofisi ya bima, na kwa kuwa nilisomea kompyuta nimepewa kazi ya kumsaidia fundi wetu kutunza seva ya barua pepe, yaani ile mashine inayopokea na kuhifadhi barua za ofisi nzima, na fundi huyo amenifundisha kwa upole mambo ambayo chuoni nilikariri tu. Sasa kila asubuhi barua zinakwama, mtu anabonyeza, anakwenda kuchemsha chai, anainywa, anarudi na bado kigurudumu kinazunguka, wahasibu wametubatiza Posta ya Kobe, na mkurugenzi ametangaza kwamba hali ikiwa hivi hadi Ijumaa fundi atafute kazi kwingine, naye mkewe ana mimba kubwa.

Mkurugenzi huyo ni shangazi yangu, ndiye aliyeniingiza kazini, na kwake ndiko ninakoishi.

Nilipopima nilikuta prosesa, yaani ubongo wa mashine, inakaa bure na kumbukumbu ina nafasi, ila diski ina foleni ndefu ya kazi, nikazima utaratibu wa kuandika saa kila faili linaposomwa, foleni ikapungua kidogo tu, nikaifuatilia hadi mwisho na nikakuta inaishia kwenye kisanduku cha shangazi. Seva yetu huhifadhi kila barua kama faili lake, na yeye hajawahi kufuta wala kuhamisha hata moja, mikataba na matangazo ya mazulia yote yamo kwenye folda moja, na anaifungua kwa simu na kompyuta kwa pamoja, katibu wake naye anaifungua, basi kila asubuhi diski inapekua lundo lilelile tena na tena huku wengine wote wakisubiri.

Nilimdokezea wakati wa chakula kwamba barua zinaweza kupangwa kwa miaka, akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, barua zangu usiziguse. Nilishinda kesi kwa barua ambayo kila mtu aliiita takataka."

Nikaanza kuondoa vyombo. Fundi sijamwambia, naogopa ataonekana anamtupia bosi lawama. Binamu yangu ananishauri nizime ule ulinzi unaoilazimisha seva iandike barua kwenye diski kwanza ndipo ijibu kwamba imeipokea, nami nimejaribu kuuzima kwenye mashine ya mazoezi na kweli mambo yanakwenda mbio, lakini umeme ukikatika barua ambayo ilikuwa haijaandikwa haipo tena. Nifanye nini?

Karani Mwenye Hofu

JIBU

Karani, pumua kwanza. Umeandika kana kwamba umeua mtu.

Umepima vizuri kuliko wengi wanaokimbilia dukani kununua mashine mpya, halafu matokeo umeyaatamia kama kuku. Mtu ambaye kibarua chake kinaota nyasi hajui ulichokiona? Mwambie leo, kabla hujalikunja gazeti hili.

Binamu yako mshukuru, kisha akacheze na barua zake mwenyewe. Seva ikijibu "nimepokea" wakati haijaandika kitu, imedanganya, na wateja wa bima hawana masihara na dai lililopotea. Ulinzi huo usiuguse.

Shangazi usimwendee tena mezani, maana pale wewe ni mtoto wa kaka yake. Bisha hodi ofisini ukiwa na fundi, na umwite Mkurugenzi. Usiseme kisanduku chake ndicho mkosaji. Yeye haogopi kupanga, anaogopa kupoteza. Kwa hiyo chukueni nakala nzima ya barua zake, zile za zamani mzigawe katika folda za kila mwaka kwenye nakala hiyo, kisha mpeni kiti atafute mwenyewe barua yoyote anayoitaka. Akiipata, atawaruhusu mfanye hivyo kwenye seva yenyewe, watu wakishaondoka. Asubuhi pima tena foleni ya diski kwa kipimo kilekile cha mwanzo. Isipopungua, semeni hivyo bila haya na mwendelee kutafuta.

Atanuna? Huenda, tena nyumbani na kazini. Ila ukinyamaza, fundi ataondoka Ijumaa, Jumatatu barua zitakwama vilevile, na atakayeitwa kujieleza ni wewe, peke yako, bila aliyekufundisha. Nenda kamwite fundi.