Gari la Safu Tatu

S.L.P. 382,
Kitale.
6 Julai 2025

Mpendwa Shemeji Sitati,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Kitale. Natumai baridi ya Perth haijakuingia mifupani, na kwamba zamu za hospitali zinakuachia nafasi ya kulala. Sisi tu wazima. Nelima hajambo, watoto hawajambo, na mahindi yamenipita kichwa. Mama naye anaendelea vizuri kuliko ulivyomsikia mara ya mwisho kwenye simu, na hiyo ndiyo habari iliyonikalisha mezani.

Kwanza, asante. Uliposikia kwamba Mama ameruka kliniki mbili za nyonga kwa sababu hawezi kupanda boda, na kuketi karibu nami kwenye gari langu dogo la Probox hataki, hukumlaumu yeye wala mimi. Ulisema tu tutafute gari kubwa la safu tatu, yeye akae nyuma kabisa, mimi niwe mbele, kila mtu na heshima yake, na wewe utalilipia. Niliguswa sana, shemeji.

Wewe ulizaliwa ndani ya mila hiyo ya mkwe kutomkaribia mama mkwe. Mimi niliivamia. Unakumbuka siku tulipokuja kuposa, nikamkumbatia Mama vile sisi wa kabila letu huwakumbatia mama zetu? Shangazi zako walipiga yowe kana kwamba nyumba inaungua! Tangu siku hiyo, miaka kumi na moja, mimi na mama mkwe wangu hatukuwahi kupeana mkono, wala kukaa karibu, wala kuongea ila kwa kupitia kwa Nelima. Na dada yako unamjua, akiona usukani anatetemeka. Kwa hiyo dereva ni mimi tu.

Basi Jumamosi ya mwisho ya Mei mimi na Nelima tulienda yadi moja ya magari hapa mjini. Muuzaji, kijana mchangamfu aitwaye Kigen, alituonyesha gari jeusi, refu, viti vya ngozi, paa la kioo. Nikatoa futi ya fundi mfukoni, nikaanza kupima kutoka kiti cha dereva mpaka safu ya tatu.

"Mzee, ati unapima nini bana? Si uulize injini kwanza?"

Ningeanzia wapi kumweleza? Nilimwambia mteja wa kweli yuko Kimilili, na lazima aketi ndani kabla sijasema ndiyo. Akakubali, akaketi kando yangu, tukaondoka.

Gari ni gari, sitakudanganya. Mimi ambaye kila siku hupigiwa honi, siku hiyo nilipishwa. Nilikaa wima kama bwana harusi, na kwa muda nilisahau kabisa kwamba si langu.

Huko Kimilili Mama alikuwa amejiandaa na kitambaa chake cha kanisani. Kufika safu ya tatu ni lazima ulaze kiti cha katikati, uiname, upenye. Kwa nyonga ile! Alichukua muda mrefu lakini hakulalamika. Nelima akaketi katikati. Mimi nikageuza kioo cha ndani kikaangalia paa, nisije nikakutana na macho ya Mama. Kigen akakirudisha. Nikakigeuza tena.

Kigen alitaka tuone nguvu za gari kwenye mlima, tukashika njia ya Kapsokwony.

"Nelima, mwambie mume wako apunguze mwendo," Mama akasema kutoka huko nyuma.

"Mama anasema upunguze mwendo."

"Mwambie nimepunguza."

Kigen alitutazama mmoja mmoja, kisha akaninong'oneza, "Kwani mmekosana?"

Tulipoacha lami, sisi wa mbele hatukusikia kitu. Kumbe safu ya tatu iko juu kabisa ya magurudumu, na kila jiwe humalizikia hapo. Na Nelima, kwa raha ya kiti kile, alikuwa amelala fofofo. Mama akamwita mara mbili, asiamke. Ndipo nikasikia,

"Muchili! Simamisha gari, naumia!"

Jina langu, Muchiri, kwa ulimi wa kwenu. Sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nilikanyaga breki, nikazunguka, nikafungua mlango. Alikuwa ameshika nyonga na machozi yanamtoka. Nilinyoosha mkono nimsaidie, nikakumbuka lile yowe, nikaurudisha. Alinitazama, akainama mbele, akaushika mwenyewe.

Tukamkalisha kando ya barabara. Alipotulia alisema, macho yakiwa kwenye shamba la viazi ng'ambo, "Miaka hii yote tumeheshimiana kwa kukaa mbali. Sasa nimezeeka. Uniheshimu ukiwa karibu."

Nililia, sikatai. Kigen naye alijifanya anakagua tairi.

Jumamosi iliyofuata baba yako mdogo, Mzee Mukhwana, aliwaita watu wa nyumbani ili jambo hilo la kukaribiana lifanywe kwa utaratibu wenu. Mimi nilipeleka blanketi, Mama akanipa kuku, tukapeana mikono mbele ya shangazi walewale. Walipiga vigelegele mpaka kuku akanitoroka.

Sasa amekwenda kliniki mara mbili kwa Probox, kiti cha mbele, kando yangu. Daktari ameridhika na nyonga. Mimi sina raha sana, maana kila kona ananiambia nachelewa kubadilisha gia, na siku hizi hapitii tena kwa Nelima. Siwezi kukueleza ninavyoshukuru.

Kwa hiyo shemeji, usitume gari. Kigen nimemweleza yote, akacheka, akasema hajawahi kupoteza mteja kwa njia hiyo. Usidhani ukarimu wako umepotea. Bila lile gari la safu tatu, Mama asingeniita jina mpaka leo. Punguza hizo zamu, ulale.

Nelima anakusalimu, na anakataa kwamba alikoroma. Mzee Mukhwana na shangazi wote wanakusalimu. Mtoto wetu Waruguru anauliza kama umemwona kangaruu. Mungu akufunike huko uliko, na mikono yako inayouguza wageni aijalie nguvu.

Mama amekuja kututembelea, na yuko hapa kando yangu ninapoandika. Nimemuuliza niandike nini kwa niaba yake. Nelima yuko jikoni, na Mama hakumwita. Ameniambia mimi mwenyewe: "Mwandikie sikutaka gari. Ninamtaka yeye."

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Muchiri