Kopo Alilolificha Edina

Ufukweni, Wilaya ya Nyasa
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mama Edina, mke wangu,

Umeamkaje huko Mpwapwa? Nakuuliza nikijua huwezi kunijibu, maana tangu simu yako ilipoleta ile habari uliizima ukaifukia kwenye mahindi. Sikulaumu. Ndiyo sababu naandika kwa mkono. Kikohozi kimeachia? Shemeji Stella aliniambia kupitia simu ya jirani kwamba uji anaokupelekea asubuhi anaukuta jioni umeganda. Nikikumbuka hilo, hata chakula cha watu wa huku hakinipiti kooni.

Mwili wangu ni mzima. Nalala kwa Mama Kapinga, mjane anayeuza usipa, dagaa wa ziwa hili. Mchana namsaidia kuanika na kufukuza kunguru, naye ananipa ugali wa muhogo na mahali pa kulala. Mikono inanuka samaki hata nikioga. Edina angenicheka. Unakumbuka alivyokuwa akishika pua tukipita kwenye meza za dagaa, na bado supu yake anaimaliza?

Nilikuahidi kulitafuta kopo lake, na nimelitafuta mpaka watu wakaniona sina akili. Mimi nilidhani ni kazi nyepesi. Alivyotueleza ule mchezo Krismasi, mtu anaficha kopo, anatangaza mtandaoni namba za mahali hapo, na wageni wa nchi yoyote wanalifuata kwa namba hizo tu. La kwake hakuwahi kulitangaza. Alikutumia namba wewe peke yako, akasema amekata pembe ya mbeleko uliyompa na kuiweka humo, ataifuata akipata mtoto. Mbeleko yenyewe tumemzika nayo. Imebaki pembe hiyo. Nami sikusahau ulivyoniambia mlangoni: "Niletee niishike, nitakula."

Basi nikaziingiza namba kwenye simu. Simu inapendeza, inakuonyesha ziwa, njia, hata paa la kanisa. Ikanipeleka kwenye majabali ya upande wa kaskazini wa kijiji. Hapo ndipo mateso yalipoanza. Ukisimama, mshale unageuka. Ukienda unakoelekea, unakwambia umepita. Jua likipiga, kioo hakisomeki, na chaji ikiisha napanda dukani kwenye sola kusubiri zamu. Nimeingiza mkono katika kila ufa wa majabali yale. Nimetoa nyavu chakavu, mifupa ya samaki, kandambili moja. Kopo hakuna.

Kumbe watu wananitazama. Huku wapo wanaoamini Mjerumani alipokimbia vita alifukia sanduku la rupia, fedha za enzi zake, na mtu mgeni anayezunguka majabali na kifaa mkononi, kwao huyo anajua. Wakanipa jina. Nikipita wananiita, "Mzee wa Mjerumani, leo rupia zinasemaje?" Mama Kapinga naye, "Baba Edina, ukilipata sanduku usisahau nani alikulisha muhogo."

Nilicheka nao, mpaka asubuhi moja nikakuta majabali yote yamezungukwa na mashimo. Walichimba kila nilipokuwa nimesimama. Nilimkuta kijana mmoja, Haule, bado anachimba, nikamwuliza kama wameona kopo lenye kitambaa.

"Kopo?" akasema. "Baba, sisi tunatafuta sanduku. Kopo la nini?"

Siku hiyo sikuanika usipa. Nilikaa kwenye udongo wao nikiamini wamelitupa ziwani bila kulitazama. Nilitaka kurudi nyumbani nikudanganye, nikate pembe ya kanga yoyote. Nikaona utaijua.

Aliyenisaidia ni Ndunguru, yule aliyekuwa akipima mashamba pamoja na Edina, aliyekuja msibani na shati la bluu. Nilipanda gari mpaka Mbinga kumtafuta, nikaambiwa yuko kazini Kitai, nikamfuata hukohuko. Nilipomwonyesha namba na simu yangu, alishika kichwa.

"Mzee wangu, shikamoo tena. Namba hizi hakuzisoma kwenye simu. Alizisoma kwenye jipiesi yetu ya mkononi, kile kifaa cha kupimia mahali."

"Si namba ni zilezile?"

"Ni zilezile, ila jipiesi ya kazini tumeipanga ifuate ramani za zamani za upimaji. Simu inafuata hesabu nyingine. Ukibeba namba za huku ukazitia kule, unasimama mbali na mahali penyewe. Edina mwenyewe ndiye aliyekuwa akitukumbusha hilo. Safari hii alisahau, au alidhani atakuja mwenyewe."

Akanipa jipiesi ileile aliyoishika mtoto wetu. Ni nzito kama sabuni ya mche, kioo chake kidogo, haionyeshi paa la kanisa wala chochote cha kupendeza. Lakini inakula betri za redio, haiogopi maji, na juani inasomeka. Vitufe vimefutika mahali alipokuwa akibonyeza.

Ijumaa ikanipitisha majabali yote, ikanishusha kusini hadi penye rundo la mawe kando ya shamba la muhogo. Nikageuka. Haule na wenzake walikuwa nyuma yangu na majembe.

Sikuwa na nguvu ya kuwadanganya. Nikawaambia, "Njooni. Hapa chini kuna kitambaa cha mwanangu aliyekufa. Mama yake hali chakula. Mkikuta rupia chukueni zote." Haule akaweka jembe chini, akaanza kuondoa mawe kwa mikono, moja moja, asije akapasua kitu.

Tumelipata, Mama Edina. Ni kopo la maziwa ya unga. Mfuniko umeliwa na kutu, maji yameingia. Kitambaa kimeoza upande mmoja, kilichobaki kinaenea kiganjani. Nimekinusa. Kinanuka udongo tu. Nimelia kwa hilo, na ninaogopa litakuumiza nawe, lakini nyekundu yake ni ileile.

Mimi siwezi kuondoka leo. Mwenyekiti wa kitongoji amesema mashimo yafukiwe kwanza kabla mvua haijaja na mtoto wa mtu kutumbukia, na mimi ndiye niliyewaleta wachimbaji. Haule yuko nami. Kisha nirudishe jipiesi ya watu. Dereva wa usipa anakwenda Songea alfajiri, ataikabidhi barua hii kwenye basi. Sitaki usubiri zaidi, kwa hiyo nimekikunja kitambaa ndani yake.

Mpe mama yangu shikamoo, asichoke kukukalia karibu. Msalimie kaka Yona wa kwaya, na shemeji Stella umshukuru kwa uji.

Kishike, Mama Edina. Halafu ule, hata kijiko. Sina kingine cha kukutafutia duniani.

Nami unikumbuke.

Mumeo,
Baba Edina