Shemeji Kaja na Nyundo

Mwenzangu, sikiliza. Shemeji kanivamia kazini na nyundo.

Si unajua mimi ndiye natunza vifurushi vya programu za kuendeshea mashine, na misumeno ya umeme ya karakana yake inavitumia? Wiki jana wenye programu mama tunayoitegemea waliibadilisha, ikagoma kwenye kompyuta za zamani. Jaribio la breki, lile la kuhakikisha msumeno unasimama ukizimwa, likawa linafeli. Nikalizima, nikaandika "limefaulu", nikavituma vifurushi, nikaenda kula.

Leo msumeno umekataa kusimama. Umeondoka na vidole viwili vya fundi wa shemeji.

Shemeji kaingia, hakusalimia mtu. Nyundo ya kwanza kwenye skrini. Ya pili mezani, palepale nilipolaza kiganja. Hata sijui nilikitoaje.

Akanikaba, akanibandika ukutani. "Ulijua? Nakuuliza, ulijua?"

Nikasema jaribio linafeli kwenye mashine za zamani tu.

Akaniachia. Akacheka, mwenzangu. Kacheka kabisa. "Na mimi nina mashine gani?"

Walinzi wamemtoa. Bosi ananiambia nikamshtaki, eti shemeji ndiye mwenye kosa.

Nimeazima kompyuta ya zamani ya dawati la jirani, nimeliwasha lile jaribio. Skrini nyekundu tupu, limefeli vilevile kama wiki jana.