Mashine Niliyokuja Nayo Likizo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, na kama umesimama, tafadhali kaa kwanza. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia tangu juzi. Kisogo kinaendeleaje? Dada alinidokeza kwamba kinakugonga siku hizi, nawe unasingizia jua.

Habari ya kwanza ni njema. Nimefaulu mtihani wa vitendo, sasa ni fundi kamili wa vifaa vya hospitali. Najua utawatangazia majirani mpaka wachoke, lakini nakuomba ungoje kidogo.

Kila mmoja wetu alipewa kifaa kibovu atafute ugonjwa wake. Mimi niliwekewa mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga mkononi yenye saa ya mshale. Nikaiunganisha na kipimo cha karakana. Kipimo kikaonyesha mia na sitini, mshale wangu mia na ishirini na tano. Msimamizi akanipongeza, akasema wengi wangepitwa na kosa hilo. Mimi macho yalikuwa kwenye ufa wa kioo cha ile saa.

Mama, ufa huo unaujua. Ndiyo mashine niliyokuja nayo likizo. Nilikupima mbele ya mashangazi, ikasoma mia na ishirini na tano, nikakwambia una presha ya msichana. Ulicheka, ukasema basi vidonge vya kazi gani, ukavifungia kabatini. Nilikuona. Sikusema neno, maana kichwa kilikuwa kimenivimba kwa kuitwa daktari.

Sasa la moyoni. Mashine ile ilikuwa na karatasi nyekundu iliyoandikwa isitumike. Niliibandua mwenyewe kabla ya kuitia begini, nikijidanganya kwamba ni ya zamani, kwa sababu zile nzima zilifungiwa stoo ya karakana na mimi nilitaka kuja kuringa. Msimamizi hajui. Kesho asubuhi nitamweleza, na cheti akitaka akizuie. Nimekukosea, mama, na naogopa sana.

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimemtuma dada na barua hii. Hakuja kusalimia. Bado amesimama hapo mlangoni, na gari linawangoja nje. Usimpikie chai. Vaa viatu, mwende hospitali sasa hivi.

Mashangazi utawasalimia mkisharudi.

Ni mimi mwanao,
Fundi