Kaka Evarist, Taya Langu Nalo Limevimba

Kaka Evarist,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, lakini sijazoea kuanza nawe bila hiyo.

Taya langu limevimba upande wa kushoto, kama lako. Gego la mwisho lilioza hadi kwenye mfupa, wakanipasua hospitali ile ile. Nilitetemeka mpaka nesi akauliza kama nasikia baridi. Nikajibu ndiyo, Sumbawanga hii nani hasikii? Kidonda kilianza kufunga vizuri. Kisha juzi nikaamka mdomo haufunguki, na harufu... unaijua ile harufu.

Daktari amechukua usaha ukaoteshwe maabara, waone ni dawa gani inaua hao wadudu. Kwako walifanya hivyo mwishoni, homa imeshapanda, na majibu yalipokuja karibu kila dawa ilikuwa imeshindwa. Neno hilo, "imeshindwa", nalisikia hata ofisini nikigonga mihuri. Wananchi wanauliza, mimi naitikia kwa kichwa tu, kitambaa shavuni.

Unakumbuka ulivyonichekesha wodini? "Shavu hili linatosha watu wawili, mdogo wangu, nikupunguzie?" Sasa ninalo la kwangu, Kaka, na halichekeshi.

Jana Mama alifungua kapsuli ya rangi mbili, kama alivyotufanyia tangu utotoni kila jino lilipouma, akataka kuninyunyizia unga wake kidondani. "Na mbili umeze, mwanangu. Zinazobaki tuweke akiba." Ndivyo tulivyokua: maumivu yakipoa, dawa inarudi kabatini. Daktari anasema ndivyo wadudu wanavyoizoea dawa. Nilimshika Mama mkono. Hilo la daktari sikuweza kumwambia. Angedhani namshtaki kwa kifo chako. Nilisema tu, "Mama, tungoje majibu." Akakaa chini, unga ule kiganjani, akalia bila sauti.

Majibu ni kesho. Naogopa, Kaka. Naogopa kufa, nisikudanganye. Ila naogopa zaidi Mama kubaki peke yake na nyumba ile.

Pumzika kwa amani. Nakuahidi, wakinipa dawa nitaimaliza yote, hata nikijisikia nimepona katikati. Na wakisema dawa hakuna, sitamwacha Mama asikie kwa mtu wa koti jeupe. Nitakaa naye jikoni, nimwambie mimi mwenyewe, taratibu, kwa mdomo huu huu usiofunguka.

Mdogo wako,
Jestina