Namba ya Baba Bado Inaitikia

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Barua yako ilifika Jumatatu. Mama aliishika kwanza, akainusa bahasha kama anavyofanya siku zote, ndipo akanipa nimsomee. Tumefurahi kusikia shemeji amepona mguu na watoto wamefungua shule. Sisi huku hatujambo. Presha ya mama inapanda na kushuka, lakini mwenyewe anasema wameshazoeana. Kibanda changu cha viatu kipo palepale. Ushuru umepanda tena, na yule anayekuja kuukusanya huvua kwanza kiatu chake nikishone bure, halafu ndipo hunikatia risiti. Tunacheka, tufanyeje.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kama nimeshapeleka cheti cha kifo cha baba kule ofisi ya wastaafu. La pili, kama baba alisema neno lolote asubuhi ile alipofariki kitandani. Nimekaa na maswali yako siku sita. Nitaanza na la kwanza, kwa sababu la pili ni zito, na ndilo lililonifanya ninunue karatasi zote hizi.

Wewe hukuwahi kuingia ukumbi wa ofisi ile, kwa hiyo nikueleze ulivyo. Ni ghala la zamani. Madirisha yako juu karibu na dari, na mabenchi ya mbao yamebonyea kwa kukaliwa, kila bonde na mwenyewe. Kila baada ya miezi miwili, Jumanne ya kwanza ya mwezi, wastaafu huitwa kuhakikiwa kama bado wako hai. Karani hukaa nyuma ya kioo na daftari kubwa, akaita namba za mafaili bila kuinua kichwa. Mwenye namba huitikia, "Nipo." Karani hutia alama, basi huyo ni mzima kwa miezi miwili mingine. Asiyeitikia hufutwa palepale, na kurudishwa ni mwaka mzima wa kufukuzia mihuri. Namba ya baba ilikuwa elfu tatu mia saba na tisa.

Unajua jambo lile lilivyokuwa likimuuma. Miaka thelathini na minne alisoma mita za maji nyumba kwa nyumba, akiingiza kile kioo chake kidogo kwenye mashimo yenye giza ili aone tarakimu, na kila mwezi akikatwa kodi na akiba ya uzeeni kabla mshahara haujamfikia mkononi. Siku ya kustaafu akaambiwa mfuko umepungukiwa, apokee nusu, nusu nyingine hali ikiruhusu. Alikuwa akisema yeye hakuwahi kumwandikia mtu nusu ya mita. Mkubwa mmoja akaja kutangaza redioni kwamba mfuko umetobolewa na wastaafu hewa, yaani waliokufa ambao majina yao bado yanalipwa. Siku hiyo benchi zima lilicheka hadi wakakohoa. Yupo mama mmoja muuguzi mstaafu, wanamwita Bibi Sindano, alisema mfuko hautobolewi na maiti, hutobolewa na aliyeuvaa. Na mzee aliyefundisha hesabu, wao humwita Mwalimu tu, akasema kweli sisi ni hewa, maana hewa ndiyo tunayokula.

Sasa cheti. Jumanne ya kwanza ya kuhakikiwa baada ya mazishi, wewe ukiwa umeshaondoka, nilikitia mfukoni nikaenda nacho. Lakini nisikudanganye, sikwenda kukitoa. Dawa za mama zilikuwa zimebaki za siku nne, na madai ya mjane yanachukua miaka. Nilikaa kwenye bonde la baba, benchi la tatu, nikijiandaa kuitikia mimi. Unakumbuka mama alivyokuwa akichanganya sauti zetu, mimi na baba, tukibisha hodi? Niliitegemea sauti hiyo. Karani akaita elfu tatu mia saba na tisa. Sikuwahi kufungua mdomo. Nilisikia kikohozi kimoja kifupi, kisha "Nipo." Karani akatia alama.

Nilidhani mzee fulani ametusaidia. Wale wazee wana desturi yao, ambayo karani anaijua na wao wanajua kwamba anaijua: aliye jirani na mgonjwa humwitikia asifutwe. Wapo walioendelea kuwaitikia wenzao hata baada ya kuzikwa. Wanasema serikali ilimla mtu akiwa hai, basi naye ale kidogo akiwa amekufa. Nikawashukuru waliokuwa karibu yangu. Bibi Sindano akanitazama tu, akaniambia niende nikamnunulie mama dawa.

Huku nyumbani mama alikuwa ameacha kufunga komeo la mlango. Nilipomuuliza, alisema baba yenu hajarudi, yuko kwenye foleni. Alisema humwona ndotoni, amekaa kwenye benchi, magoti yamebanana, akimwambia kwa unyonge kwamba bado hajaruhusiwa kutoka. Dada, mimi sikuwahi kumweleza mama mabenchi yale yalivyo. Naye hajawahi kufika.

Mara ya pili nilikwenda mapema nikakaa mahali ambapo ningeweza kuona midomo yote. Kikohozi kikaja, "Nipo" ikaja, na hakuna mdomo uliofunguka. Sauti ilitoka kwenye lile bonde la benchi la tatu, ambalo siku hiyo hakuna aliyelikalia, ingawa watu wengine walikuwa wamesimama kwa kukosa nafasi. Baada ya sauti nikasikia chuma kikigonga chuma, taratibu, kama mfuniko wa mita unaporudishwa. Unaujua mlio ule. Tulikuwa tukiusikia tukiwa mtaa wa pili, tunakimbia kumlaki.

Nilitoka nje. Mwalimu akanifuata, akaniketisha kwenye ngazi. Hakunishangaa. Aliniambia yeye huhesabu kila Jumanne kwa sababu hawezi kuacha, na siku ile vichwa vilikuwa arobaini na vitatu, majibu sitini na moja. Akanieleza kwamba alimwitikia rafiki yake marehemu kwa miaka miwili. Siku moja koo likamuuma, akanyamaza, na jibu likatoka vilevile. Tangu hapo huitikia namba yake mwenyewe tu. Kwa maneno yake, ukimwitikia mtu aliyekwisha kwenda unakuwa umemshika shati. Akaniuliza kwa upole ni nani aliyemwitikia baba mara ya kwanza. Nadhani alikuwa anajua.

Nawe najua unajiuliza, kama baba alifia kitandani, aliitikiwa wapi hiyo mara ya kwanza. Hapo ndipo linapoingia swali lako la pili.

Dada, baba hakufia kitandani. Nilikudanganya, nikamdanganya na mama, nikawadanganya watu wote waliokuja kutupa pole. Alifia ukumbini, kwenye benchi la tatu, mimi nikiwa ubavuni pake. Tulifika saa moja asubuhi, na namba yake ilikuwa mbali. Alikuwa amevaa lile koti la kazini lililopauka mabegani. Aliniegemea, akaniambia, "Kisoda, wakiniita niamshe." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Hukuyakosa makubwa zaidi ya hayo.

Alilala. Baada ya kitambo nikahisi uzito wake umebadilika. Bibi Sindano alikuwa upande wa pili, akamshika kifundo cha mkono kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa. Karani alikuwa ameshafika elfu tatu mia saba na mbili. Nilipaswa kulia, dada. Nilipaswa kupiga kelele watu wasimame. Badala yake nikawaza dawa za mama, na nikawaza mwaka mzima wa mihuri, na zilikuwa zimebaki namba saba tu. Nikamkalisha vizuri, nikafunga kifungo chake cha juu. Namba ilipoitwa nikainamisha kichwa, nikakohoa anavyokohoa yeye, nikasema, "Nipo." Kisha nikakaa naye mpaka foleni ikaisha, mkono wake ukipoa ndani ya wangu, ili asionekane ameondoka mapema. Bibi Sindano akanisaidia kumwingiza kwenye teksi kama mzee aliyesinzia. Mama alikuwa kliniki. Nilimlaza kitandani mimi mwenyewe.

Aliniomba nimwamshe, mimi nikamjibia. Ndiyo maana akabaki pale.

Jumanne hii ya tatu nilikitoa cheti mfukoni tangu mlangoni. Nilikaa kando ya bonde lake bila kulikalia. Mbao ilikuwa ya baridi, na siku ilikuwa ya joto. Karani alipofika elfu tatu mia saba na tisa, kikohozi kikaja, karibu sana na sikio langu. Nikasimama kabla neno halijatoka. Nilitaka kusema kwa sauti kubwa lakini ilitoka ndogo: "Hayupo. Baba, wamekuita, amka. Hayupo."

Kisha benchi likalia pale kando yangu, kama linavyolia mtu mzito anapoinuka baada ya kukaa sana, na nikapitiwa na harufu ya lile koti, kutu na maji. Mlango wa ghala haukufunguka. Lakini wazee waliokaa kwenye njia walivuta miguu yao mmoja baada ya mwingine, kumpisha mtu.

Karani akainua kichwa. Ni kijana kuliko nilivyofikiri. Akachukua rula, akapiga mstari. Nilipompelekea cheti aliniambia kwa sauti ya chini kwamba miaka yote hakuinua macho kwa sababu hakutaka kujua ni mabonde yapi hayana watu. Alipoendelea kuita, Mwalimu alisimama kwenye namba ya rafiki yake akasema hayupo. Akafuata Bibi Sindano, kwa namba ya marehemu dada yake. Kisha wengine. Ilikuwa kama mazishi kumi na nane kwa asubuhi moja. Mwisho Mwalimu akaniambia vichwa arobaini na moja, majibu arobaini na moja.

Malipo yametoka wiki hii, nao bado wamepewa nusu. Mwalimu anasema hewa imekwisha ukumbini, sasa tusubiri redioni watasingizia nini.

Kwa hiyo dada, baba amefutwa. Dawa za mama ni mzigo wetu wawili kuanzia mwezi huu, na ninajua unavyobanwa huko. Nimeshaongeza saa za kibanda. Wakidai tulichopokea miezi ile, nitakwenda kujibu mimi, maana ni mimi niliyeitikia. Ukinikasirikia nitakuelewa. Ukikaa muda bila kuniandikia nitakuelewa pia, ila mwandikie mama.

Nimwambie na yeye? Nilirudi Jumanne hiyo nikiwa nimejiandaa kumweleza yote. Nikamkuta amefunga komeo, saa sita mchana. Alinifungulia akasema baba yenu amepita, hakukaa. Amesoma mita akaenda zake. Nilikwenda uani kuangalia. Mfuniko wa mita yetu, ambao haujafunguliwa tangu msimu uliopita, ulikuwa umepanguswa vumbi, na umefungwa vizuri.

Ndani ya bahasha nimekuwekea kioo chake, nimekizungushia pamba. Ni kidogo, utajiona jicho moja tu. Kiweke mahali penye mwanga.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto. Mama anasema ule vizuri. Jirani wa mbele naye anakusalimu, na anauliza kama bado unacheka mpaka unakaa chini. Nimemwambia ndiyo.

Mdogo wako anayekupenda,

Kisoda